Kuwinda mbuzi wa milimani: maswali yanayoulizwa sana kuhusu kuwalinda majike wanaozaa

Haya maswali nimeyakusanya mana yanajirudia sana, hasa kwa ndugu zetu walioko Edmonton, Calgary na Vancouver ambao wameanza kuchukua leseni za kuwinda, na wengine wako zao Dar au Nairobi wameona video tu wanashangaa kwa nini mtu azuiwe kuwinda miaka mitano kisa kaua mbuzi jike. Ntajibu ninavyojua, na pale ambapo ni msimamo wangu mwenyewe ntasema ni wangu. Kanuni zinabadilika kila mwaka na kila jimbo lina zake, kwa hiyo kabla hujapanda mlima soma kanuni za mwaka huo za eneo lako, usinitegemee mimi kwa tarehe za msimu.

Huyu mbuzi wa milimani ndo yupi? Ni kama hawa tunaofuga?

Hapana. Huyu wanasayansi wanamwita Oreamnos americanus na anapatikana magharibi mwa Amerika ya Kaskazini peke yake, kuanzia kusini mwa Alaska na Yukon, anashuka British Columbia na Alberta mpaka Washington, Idaho na Montana. British Columbia ndo kwao hasa, takriban nusu ya mbuzi hawa wote duniani wako pale. Kiukoo wala sio mbuzi kamili. Ni mweupe, manyoya marefu, pembe nyeusi fupi zilizochongoka, na kwato zake zina ukingo mgumu nje na nyama laini katikati ndo mana anatembea kwenye magenge ambayo ukiyaangalia tu tumbo linakukata. Dume mkubwa anafika kilo 100 na zaidi, jike ni mdogo kuliko yeye. Wote wawili wana pembe, na hapo ndo matatizo yote yanapoanzia.

Kuna hasara gani akiuawa jike mmoja tu? Si watazaliwa wengine?

Hili ndo swali kubwa kuliko yote humu kwa hiyo nivumilie.

Mbuzi wa kufugwa anaweza kuzaa akiwa hajafikisha hata miaka miwili, na mapacha ni kawaida. Mbuzi wa milimani hayuko hivyo kabisa. Kwenye makundi ya asili jike wengi wanazaa kwa mara ya kwanza wakiwa na miaka minne au mitano. Akizaa anazaa mtoto mmoja, mapacha ni nadra, na sio kila mwaka anazaa, kuna miaka anapumzika mana mwili haujarudi. Hayo tunayajua vizuri kwa sababu ya kazi iliyofanyika Caw Ridge, Alberta, kaskazini ya mji wa Grande Cache, ambako kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti kama Marco Festa-Bianchet na Steeve Côté walikuwa wanamfuatilia mbuzi mmoja mmoja kwa alama za masikioni, wanajua huyu kazaa mwaka gani, mtoto wake kaishi au kafa, mama yake ni nani. Sio makadirio ya kuangalia kwa mbali.

Sasa piga hesabu, na hii ni mfano tu nautunga ili uone. Tuseme kundi lina mbuzi 60, majike wakubwa 20. Mwaka huo wamezaa 12. Nusu ni majike, yaani 6. Mwaka wa kwanza ni mgumu, baridi, tai, mbwa mwitu, dubu, kuanguka, kwa hiyo wakifika mwaka mmoja wamebaki 4 hivi. Hao wanne bado wana miaka mitatu minne mbele ya kuishi kabla hawajazaa hata mara moja, na njiani wengine wanaondoka, wanabaki 2 au 3. Upande wa pili majike wakubwa nao wanakufa kwa uzee, maporomoko ya theluji na wanyama wakali, weka 2 kwa mwaka. Kwa hiyo ziada ya kundi zima ni jike mmoja au sifuri. Hapo sasa wewe na mwenzako mkaja mkapiga majike wawili kila mwaka mkidhani kundi la mbuzi 60 ni kubwa, mnalila kundi polepole na hakuna atakayegundua mpaka ipite miaka kumi, mana mlimani bado unaona mbuzi weupe wamesimama.

Na kingine, jike sio wote thamani yao ni sawa. Yule wa miaka nane, tisa, kumi ndo anazaa vizuri zaidi na watoto wake wanaishi zaidi, na ndo huyo huyo mwenye pembe ndefu, mana kadri anavyoishi ndo zinavyosogea. Mwindaji anayetafuta nyara akiangalia urefu peke yake anamchagua mama bora wa kundi.

Mbona paa na elk (paa wakubwa wa Amerika) majike wanawindwa miaka yote na hawamaliziki?

Kweli, na fikra hiyo ndo iliyowaponza hata mameneja wa wanyamapori zamani. Kwa wanyama wengi wa kundi la paa ukipunguza idadi, waliobaki wanapata chakula zaidi, wanazaa mapema, wanazaa mapacha, pengo linazibika. Watu wakadhani na mbuzi wa milimani atafanya hivyo hivyo. Na ilikuwa rahisi kuamini kwa sababu makundi yaliyopandikizwa, yaani yale yaliyopelekwa kwenye milima ambayo hawakuwepo, yanafanya hivyo kweli: malisho mapya, majike wanazaa mapema zaidi, mapacha wanaonekana, kundi linapanda haraka. Wakachukua viwango vya pale wakavipeleka kwenye makundi ya asili.

Makundi ya asili hayakuitika. Uliyemuua umemuua, hakuna aliyezaliwa kufidia. Na mbuzi jike hahamihami, anaishi alipozaliwa, kwa hiyo mlima ukishakwisha usitegemee majike wa mlima wa jirani watahamia kesho.

Jimbo la Washington ni mfano wa kuumiza. Tangu miaka ya 1960 mbuzi wao walipungua zaidi ya nusu, na utafiti uliotoka 2010 ulipoangalia rekodi za zamani za uwindaji ukaona uwindaji uliopitiliza ndo chanzo kikubwa. Alberta nao ilibidi wafunge kabisa uwindaji wa mbuzi mwaka 1987, wakaja kufungua tena 2001 kwa vibali vichache mno. Miaka kumi na nne ya kufunga! Ukiwauliza leo nadhani wangependa wangebana mapema kidogo badala ya kufunga jumla.

Nitamtofautishaje jike na dume kama wote wana pembe na wote weupe?

Ukijua hili umemaliza nusu ya somo. Anza na pembe lakini usianze na urefu. Urefu unadanganya, jike mzee anaweza kuwa na pembe ndefu sawa na za dume au hata kumzidi. Angalia shina. Dume pembe zake ni nene pale zinapotokea kichwani, na nafasi kati ya pembe na pembe ni nyembamba kuliko unene wa pembe yenyewe, yaani zimebanana. Jike pembe ni nyembamba na katikati pamebaki uwazi mpana, unaonekana kabisa ukimkuta kakutazama uso kwa uso. Ukimpata kwa ubavu angalia mkunjo: za dume zinajipinda taratibu kuanzia chini mpaka juu, za jike zinapanda karibu wima halafu kule juu ndo zinakatika kurudi nyuma.

Nyuma ya pembe dume ana tezi nyeusi kama hilali, kipindi cha kupandana zinavimba. Mkiani, jike ana doa jeusi chini ya mkia na akiinua mkia linaonekana. Dume wakati wa kupandana, mwezi wa kumi na moja hivi, anachimba vishimo anajichafua na udongo na mkojo, utamkuta tumbo na mapaja ni ya kahawia au ya njano. Lakini na jike anaweza kulala kwenye tope, kwa hiyo uchafu peke yake sio ushahidi.

Alama ambayo mimi naiamini kuliko zote ni mkojo. Wala sicheki. Jike akikojoa anachuchumaa, makalio yanashuka chini kabisa. Dume anajinyoosha, miguu ya mbele inasogea mbele mgongo unalala kidogo. Hiyo haidanganyi. Shida yake inataka subira, mana unaeza kukaa umelala juu ya mawe masaa mawili darubini iko jichoni mbuzi amelala anacheua tu hana habari na wewe. Kaa. Atasimama, na wanyama wanaocheua wakisimama baada ya kulala muda mrefu mara nyingi kitu cha kwanza ni kujinyoosha na kukojoa. Hapo ndo jibu lako.

Wanaowachanganya watu zaidi ni madume wa miaka miwili mitatu, mwili wake ni sawa na jike na pembe hazijanenepa sana. Kanuni yangu ni kwamba kama una shaka basi ni jike. Na kama bado unabishana na mwenzako kuhusu mbuzi yule, basi bado hujamjua, usipige.

Si nikimkuta yuko peke yake basi ni dume?

Hapana hapana. Ni kweli madume wakubwa wanapenda kukaa peke yao au wawili watatu, na majike na watoto wanakaa kwa makundi. Lakini jike ambaye mwaka huo hajazaa au mtoto wake kafa unaweza kumkuta peke yake, na unaeza kukuta jike mtoto wake kalala nyuma ya jiwe mita kumi humuoni. Watu wengi wanaoua majike kwa makosa wanajitetea hivyo hivyo, "alikuwa peke yake". Na usitegemee ubabe pia: nje ya msimu wa kupandana jike ndo mkubwa wa nyumba, anamfukuza dume kwenye malisho na dume anaondoka.

Msimu gani ni rahisi kuwatofautisha?

Mwezi wa nane na wa tisa mapema. Manyoya bado mafupi, maungo yanaonekana, pembe zimejitokeza. Kuanzia mwezi wa kumi manyoya yanarefuka mpaka yanaficha kila kitu, na wawindaji wengi wanataka kipindi hicho hicho kwa sababu ngozi ndo inakuwa nzuri ya kutundika. Ni mvutano ambao haujaisha. Wakichelewa zaidi ndo mwezi wa kumi na moja, kupandana kumeanza, na jike atakayepigwa baada ya hapo huenda tayari ana mimba, mana watoto wanazaliwa mwisho wa mwezi wa tano na wa sita, miezi sita hivi baadaye.

Kwa nini wasiseme tu "marufuku kuua jike" tukamaliza?

Watu wengi wanadhani ndo ilivyo. Sehemu nyingi sio. Kilichokatazwa waziwazi Alaska na British Columbia ni kuua mtoto na kuua jike mwenye mtoto. Jike asiye na mtoto sehemu nyingi kibali chako kinamruhusu kisheria, ila unaombwa na unashawishiwa kwa kila njia uchague dume.

Sababu ni kwamba kwa mita 300 makosa yanatokea hata kwa mtu mwangalifu. Ukiweka marufuku kamili na jela juu yake, baadhi ya watu wakigundua wamempiga jike watamwacha pale pale kwenye mwamba waende kutafuta dume. Hapo umepoteza jike, umepoteza dume, na kwenye hesabu za serikali ameandikwa mmoja tu. Kwa hiyo wanaotunga kanuni wanatafuta njia ya kumuuma mwindaji kiasi cha kumfanya aangalie vizuri, lakini sio kiasi cha kumfanya afiche. Mimi nakubaliana nao kwenye hili hata kama roho inauma, takwimu ya kweli ya majike waliouawa ni bora kuliko sheria kali yenye takwimu za uongo.

Mfumo wa pointi wa Alaska ukoje?

Huu naupenda sana kwa sababu unamlipisha kila mtu bei ya jike. Kusini mashariki mwa Alaska kila kundi la mbuzi 100 linapewa pointi 6. Dume akiuawa imeondoka pointi 1, jike akiuawa zimeondoka 2. Pointi zikiisha eneo linafungwa. Kwa hiyo kwenye mbuzi 100 mnaweza kupata madume sita, au majike watatu basi, au majike wawili na madume wawili. Kundi la mbuzi 50 linabaki na pointi 3, jike mmoja na dume mmoja habari imeisha.

Uzuri wake ni kwamba wawindaji wenyewe wanaanza kuambiana, mana jirani yako akiua jike msimu wako wewe unafupishwa.

Akiua jike anafanywa nini?

Inategemea na mahali. Kama jike alikuwa na mtoto hapo ni kosa la kisheria moja kwa moja, kuna faini na nyara inachukuliwa. Kama ni jike asiye na mtoto na kibali kinaruhusu jike, hakuna kesi, ila kuna sehemu zimeweka gharama nyingine: rasi ya Kenai huko Alaska ukiua jike unazuiwa kuwinda mbuzi maeneo yale kwa miaka mitano. Sio faini, sio jela, unakaa nyumbani tu. Hiyo ndo ile miaka mitano mliyoiona kwenye video.

Kwa maoni yangu hiyo adhabu ni nzuri sana. Tajiri faini analipa halafu anarudi mwakani. Miaka mitano hakuna wa kuilipa kwa hela.

Vibali vinapatikanaje?

Kwa wingi ni bahati nasibu. Unaomba, unalipa ada, unasubiri jina litoke, na wengine wanaomba miaka na miaka. Idaho na Washington kibali cha mbuzi ukishakipata ukafanikiwa basi ni mara moja maishani. British Columbia kuna maeneo ya bahati nasibu na kuna maeneo hasa ya kaskazini yaliyo wazi kwa mwenye leseni. Alaska kuna bahati nasibu na kuna vibali vya kujiandikisha, ambavyo eneo linafungwa mgao ukifika.

Kuna mafunzo ya kumtambua jike na dume yapo onlaini, idara ya wanyamapori ya Alaska ina ya kwake yenye picha na maswali na ni bure kwa mtu yeyote. Hata kama uko Arusha fungua ujaribu. Watu wenye uzoefu wanakosea picha kadhaa, na pale mbuzi wamesimama wametulia kwenye skrini, hakuna ukungu, hakuna upepo, hujapanda mlima masaa saba.

Kundi likiwa dogo inakuwaje?

Linaachwa. Maeneo mengi kundi la chini ya mbuzi 50 halifunguliwi kabisa, na utafiti wa makundi ya Alberta uliotoka 2006 ulionyesha kwamba makundi madogo hata kuvuna asilimia ndogo sana kunaweza kuyaingiza hatarini. Kwenye makundi makubwa viwango vinavyotajwa ni kati ya asilimia 1 na 4 kwa mwaka. Ukilinganisha na wanyama wengine wanaowindwa hiyo ni kama hakuna.

Na kuhesabu kwenyewe ni shughuli. Wanaruka na helikopta, wengine wako chini ya miti, wengine kwenye mapango, huwaoni wote, na kutoka angani kusema huyu jike huyu dume ni ngumu. Kwa hiyo kiwango kinawekwa chini makusudi ili kama hesabu imekosea, makosa yasianguke kwa mbuzi.

Basi tuwinde madume tu bila kikomo?

Hapana. Dume mkubwa naye anahitajika, na madume wanakufa mapema kuliko majike hata bila kuwindwa. Ukimaliza wakubwa wanabaki vijana. Pointi 1 bado ni pointi.

Lakini wanaowaua zaidi si theluji na dubu? Kwa nini mnamsumbua mwindaji?

Ni kweli theluji inaua sana. Utafiti uliotoka 2024 kutoka pwani ya Alaska uliofuatilia mbuzi zaidi ya 400 waliovishwa vifaa vya redio kwa miaka 17 ulikuta maporomoko ya theluji peke yake ni zaidi ya theluthi moja ya vifo vyote. Na maporomoko hayachagui, yanaondoa hata majike waliokomaa, wale wale ambao dubu na mbwa mwitu hawawapati kirahisi.

Lakini hiyo ndo sababu ya kubana zaidi. Maporomoko huwezi kuyatungia kanuni. Dubu huwezi kumpa kibali. Kitu pekee unachoweza kukipunguza mwaka mbaya ukija ni risasi, na kama mwaka wa theluji nyingi kundi limepoteza majike watano, wa sita kwa mkono wa mwindaji ndo anaweza kuwa yule wa kuliangusha.

Kuna mambo mengine pia, barabara za wakata miti zinazompeleka mtu mpaka chini ya mlima ambao zamani ulikuwa safari ya siku mbili, na helikopta za utalii. Côté alishapendekeza tangu 1996 helikopta zikae umbali wa kilomita 2 na mbuzi. Mtu akisema tuanze na hayo namuunga mkono, ila tuanze na hayo pamoja na majike, sio badala yake.

Wenyeji wa asili wao wanasemaje?

Wamewinda mbuzi huyu kabla hakujawa na idara yoyote, kwa nyama, mafuta, pembe na sufu. Yale mablanketi ya Chilkat ya Watlingit, yenye nyuso na macho yaliyosukwa, ni sufu ya mbuzi wa milimani pamoja na nyuzi za magome ya mwerezi.

Wagitxsan wa British Columbia wana simulizi ya mji wa Temlaham ambayo kwangu ndo kanuni ya kwanza ya uwindaji wa mbuzi iliyowahi kutungwa. Watu walikuwa wanaua mbuzi ovyo kuliko mahitaji, na watoto wakamkamata mtoto wa mbuzi wakawa wanamtesa. Kijana mmoja akamhurumia akamwokoa. Baadaye wakaja wageni wakawaalika watu wote karamuni huko mlimani, kumbe wale wageni ni mbuzi wenyewe, na katikati ya karamu jumba likaporomoka watu wakaangamia gengeni. Aliyenusurika ni yule kijana tu. Angalia kilichowakasirisha mbuzi kwenye simulizi hiyo: kuua kupita kiasi na kumdhulumu mtoto. Ni yale yale yaliyoko kwenye kitabu cha kanuni leo.

Mbona kuna sehemu wanaua hata majike na serikali inafurahi?

Kwa sababu pale mbuzi sio wa pale. Kisiwa cha Kodiak, Alaska, walipelekwa mbuzi wasiozidi 20 mwaka 1952 na 1953, wakazaana wakapita 2000, na vibali vimelegezwa ili wapungue wasimalize majani. Hifadhi ya Taifa ya Olympic, Washington, mbuzi waliletwa miaka ya 1920 kwa ajili ya kuwinda, wakawa wanaharibu mimea ya kileleni na wanasumbua watalii, kati ya 2018 na 2020 wakakamatwa kwa helikopta na 325 wakahamishiwa milima ya Cascades ambako ndo kwao na ambako walikuwa wamepungua. Hifadhi ya Taifa ya Grand Teton, Wyoming, nako wameondolewa mana wanawabana kondoo pori wa asili na wanaweza kuwaambukiza magonjwa.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema "mbona Kodiak tulipiga majike na wapo tele" mwulize mbuzi wa mlima wake ni wa asili au wa kupandikizwa. Jibu la Kodiak ukilileta Alberta utafunga msimu tena.

Kuna uhusiano wowote na kwetu Afrika Mashariki?

Kenya ilifunga uwindaji wa nyara 1977 kwa hiyo huko mjadala ni mwingine. Tanzania ndo kuna kitu cha kufanana: kwenye uwindaji wa kitalii simba anayeruhusiwa ni dume aliyefikisha miaka sita. Kwa simba dume ndo amewekewa ulinzi wa umri kwa sababu akiuawa kijana, dume mgeni akiingia anaua watoto wote wa kundi. Kwa mbuzi wa milimani kiungo kinachoshikilia kundi ni jike. Ila kazi ya mwindaji ni ile ile, kumsoma mnyama kwa darubini kabla ya kushika bunduki, na pande zote mbili ukikosea kinachopotea ni watoto ambao hata hukuwaona.

Nimempiga, nimemfikia, kumbe ni jike. Nifanye nini?

Kwanza angalia kama kuna mtoto karibu. Kama yupo usimfukuze wala usijaribu kumkamata, ondoka eneo lile mapema uwezavyo ili arudi kwa kundi, mana kwa kipindi hicho ameshaweza kula majani ila alikuwa anamtegemea mama kumpeleka kwenye malisho ya baridi na kumkinga asisukumwe na wakubwa.

Halafu fanya kila kitu kama ungekuwa umepata dume. Weka alama kwenye kibali pale pale, chukua nyama yote, usiache kitu. Kama kanuni za eneo lako zinataka ushahidi wa jinsia ubaki kwenye mzoga basi uache, usiukate. Ukipata mtandao piga simu ofisi ya wanyamapori useme mwenyewe, kama alikuwa na mtoto sema alikuwa na mtoto, aliyejisalimisha na aliyekamatwa hawaangaliwi kwa jicho moja. Kama eneo lina mfumo wa pointi simu yako ndo inaamua kama wafunge leo au kesho, na aliyeko mlimani sasa hivi anaweza kuwa anamlenga jike mwingine.

Pembe zipeleke kwenye ukaguzi ndani ya siku walizopanga zikiwa bado zimeshikana na mfupa wa fuvu, usizitenganishe. Mkaguzi anaangalia unene wa shina na nafasi ya katikati, na anahesabu zile pete za kila msimu wa baridi kujua jike alikuwa na miaka mingapi, mana kwenye hesabu zao jike wa miaka mitatu na jike wa miaka tisa ni hasara mbili tofauti.